Songea: Walionyongwa Tunawajua, Waliokufa kwa Njaa Tumewaweka Wapi?

Ni miji michache Tanzania iliyobeba jina la mtu aliyenyongwa humo humo mjini. Songea ni mmoja wao. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma la kijeshi jirani na makazi ya Nduna Songea Mbano, kiongozi wa kijeshi wa Wangoni, na kituo chao kikaitwa kwa jina lake. Miaka tisa baadaye wakamtia kitanzi. Boma likazaa mji, mji ukawa makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, na vita vilivyomuua nduna huyo, vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vikaingia kila kona ya maisha ya watu. Uwanja wa mpira unaitwa Majimaji, timu inaitwa Majimaji, na kila ifikapo tarehe 27 Februari wazee hukusanyika Mahenge na mikuki na ngao zao kuwakumbuka waliotangulia.

Mahenge ninayoisema ni mtaa wa Songea mjini, si ile ya Ulanga. Ndipo ilipo Makumbusho ya Majimaji, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1980 na ambayo sasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa. Ukiingia, unapokewa na sanamu za viongozi wa vita, kila mmoja na jina lake. Kuna kaburi la pamoja la walionyongwa, na kuna kaburi la Nduna Songea, ambalo liko peke yake. Wanafunzi huletwa hapo kwa makundi, wakasimama mbele ya sanamu moja hadi nyingine wakiandika majina kwenye madaftari.

Ni eneo tukufu na ninaliheshimu. Hata hivyo, kuna jambo ambalo kwa maoni yangu linapaswa kusemwa wazi sasa, wakati Tanzania na Ujerumani zinazungumza juu ya historia hii kuliko wakati mwingine wowote. Tumewajengea mnara watu 67 waliokufa kwa kamba, na tumefanya vyema. Ila vita vya Majimaji viliua watu wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa kamba na risasi zikijumlishwa pamoja, na hao hatujawapa nafasi inayolingana na msiba wao. Songea, mji ambao njaa hiyo ilipangwa na kutekelezwa na maofisa wanaojulikana kwa majina, ndiko mahali panapofaa kuanza kurekebisha hilo.

Turudi kwenye vita vyenyewe. Vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa mipamba ya mashamba ya lazima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji iliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, kabla moto haujasambaa. Kamba haikuzuia kitu. Mwishoni mwa mwezi huo ngome ya Mahenge ya Ulanga ilikuwa imeshambuliwa, na dawa ilikuwa njiani kuelekea Ungoni, nchi ya Wangoni inayozunguka Songea, mikononi mwa mjumbe aliyeitwa Kinjala. Masimulizi ya Ungoni yanamtaja Nkomanile, mwanamke kiongozi, kuwa ndiye aliyempokea na kuwashawishi wakubwa wamsikilize. Wakubwa hao walikuwa na hasira zao: kodi ya kichwa na nyumba, boma lililowapora madaraka yao, na aibu ya kugeuzwa watu wa kutumwa katika nchi ambayo baba zao waliitawala. Mputa Gama, mtawala wa Njelu, akaingia vitani. Chabruma, mtawala wa Mshope, akaingia. Songea Mbano, nduna mwenye jeshi na jina, akaingia.

Oktoba 1905 kikosi cha Meja Johannes kiliifikia Ungoni na kuwavamia wapiganaji kambini mwao. Bunduki za rashasha zikafanya kazi yake. Baada ya hapo hakukuwa na vita vya ana kwa ana, kukawa na kuwindana porini. Viongozi wakakamatwa mmoja baada ya mwingine, na tarehe 27 Februari 1906 wakanyongwa kwa pamoja pale Songea, Mputa akiwamo, Nkomanile akiwa mwanamke pekee. Baadhi yao walibatizwa na padre wa Kibenediktini kabla ya kupanda jukwaani. Masimulizi ya mji yanasema Songea Mbano aliachwa kwanza, kwa kuwa Wajerumani walidhani atawafaa, naye akakataa kuishi baada ya wenzake na kudai anyongwe kama wao. Akanyongwa siku chache baadaye. Chabruma alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, naye akauawa huko.

Hapo ndipo simulizi tunalowapa watoto wetu linapoishia. Viongozi wamekufa, vita vimekwisha, tunasonga mbele hadi TANU. Lakini kwa mama aliyekuwa na watoto wanne katika kijiji cha Ungoni mwezi Machi 1906, vita vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza.

Jeshi la Wajerumani lilikuwa dogo na nchi ilikuwa kubwa. Maofisa walitambua mapema kwamba hawawezi kumkamata kila mpiganaji. Kapteni Wangenheim aliandika kwa wakubwa wake kwamba mapigano peke yake hayatatosha, na kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wasalimu amri moja kwa moja. Gavana von Götzen aliukubali mwelekeo huo, na mbinu ikawa moja katika nchi nzima iliyoasi: choma vijiji, choma au twaa nafaka ghalani, chukua mifugo, zuia watu wasirudi mashambani. Songea palikuwa na Kapteni Richter. Padre wa Kibenediktini alipomlalamikia kwamba kuharibu mazao kutaleta njaa, alimjibu kwamba na iwe hivyo, acha wafe njaa, jeshi litajipatia chakula chake, na kama angekuwa na uwezo angewazuia hata wasipande. Alisema hiyo ndiyo njia pekee ya kuwafanya watu hawa wachoshwe na vita.

Maneno hayo yanahitaji kusomwa polepole. Hakuna hapo mvua iliyokosekana wala nzige waliotua. Ni ofisa wa serikali, akiwa na akili zake timamu, aliyeamua kwamba watoto wa Ungoni wasile. Padre alimwonya mapema yatakayotokea, naye hakubisha kwamba yatatokea. Aliyataka. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakisema kwamba baada ya Majimaji "njaa iliingia." Njaa haikuingia. Iliingizwa kwa amri, na amri hiyo ilitoka kwenye boma la mji huu huu.

Tazama takwimu. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria vifo vya Waafrika kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyefanya utafiti wake Kusini, alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, sehemu kubwa wakiwa wamekufa kwa njaa na magonjwa yaliyoandamana nayo. Upande wa Wajerumani walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliokuwa askari na wasaidizi wao. Hata ukishika makadirio ya chini kabisa, watu 67 wa kaburi la Mahenge ni sehemu ndogo sana ya waliopotea. Na athari hazikuishia kwa waliozikwa. Utafiti uliofanywa Ulanga miaka ya 1930 ulikuta wanawake walioipitia njaa ile walizaa watoto wachache kuliko ilivyotarajiwa. Vijiji vilivyoachwa vilimezwa na pori, pori likaleta ndovu na mbung'o, na sehemu za nchi ya Wangindo zikaja kuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous. Mtalii anayepiga picha kule akiamini ni nyika ambayo haijawahi kukaliwa na mtu hajaambiwa ukweli na yeyote.

Kwa nini basi kumbukumbu zetu zimewashika walionyongwa zikawaachia waliokufa njaa? Sababu ya kwanza ni ya kisiasa, na siilaumu. Desemba 1956 Nyerere, akizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa, aliutumia mfano wa Majimaji kueleza kwamba watu wa Tanganyika waliupinga utawala wa kigeni tangu mwanzo, na kwamba waliposhindwa kwa silaha haikuwa na maana kwamba waliridhika. Taifa lililokuwa linazaliwa lilihitaji mababu waliosimama. Makabila zaidi ya 20 yaliyoshika dawa moja yalikuwa ushahidi kwamba umoja haukuanza jana. Makumbusho ya mwaka 1980 yalijengwa katika fikra hiyo, na ndiyo maana yamejaa makamanda. Mtu aliyekufa akichimba mizizi porini hatoi somo la ushujaa kwa urahisi.

Sababu ya pili ni mazoea ya minara yenyewe. Mnara hupenda mwenye silaha. Iangalie Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa na Waingereza mwaka 1927: maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake yenye singe. Wapagazi wa vita ile ya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, homa na uchovu, wamebaki mstari mmoja kwenye shaba. Nasi tulipopata uhuru wa kujenga minara yetu tulibadilisha nani anasimama juu, jambo la maana sana, ila hatukubadilisha sifa inayomfanya mtu asimamishwe pale.

Kuna sababu ya tatu, nzito zaidi kuisema. Njaa huwatenganisha watu. Ukianza kuihadithia, utakutana na nani alikula na nani alinyimwa, binti gani alitolewa kwa debe la mtama, ni jumbe yupi aliyejisalimisha mapema akaokoa ghala lake. Ungoni yenyewe haikuwa jamii ya watu sawa. Wangoni walikuja kutoka kusini kama washindi, wakawatawala Wandendeule, Wamatengo na wengine waliowakuta, na katika vita hivi watawala na watawaliwa waliingia kila mmoja kwa sababu zake. Nje ya Ungoni, Kiwanga wa Wabena wa bonde la Kilombero alisimama upande wa Wajerumani. Askari waliochoma vijiji walikuwa Waafrika kwa sehemu kubwa. Sanamu ya shujaa inatuepusha na maswali hayo yote, maana mbele ya kitanzi kila mtu anajua asimame upande gani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Mahenge. Alikutana na ukoo wa Mbano, akasimama makaburini, akasema anaona aibu kwa waliyoyafanya Wajerumani na kuwaomba wazao wa waliouawa msamaha. Ukoo una dai lake la siku nyingi: baada ya kunyongwa, kichwa cha Nduna Songea kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani, na aliyelala Mahenge amelala bila kichwa. Rais huyo aliahidi juhudi za kukitafuta. Siku moja kabla, jijini Dar es Salaam, Rais Samia alisema Tanzania iko tayari kufungua mazungumzo kuhusu urithi wa enzi ile.

Dai la kichwa ni la haki na halina haja ya kutetewa zaidi. Tuna mfano wake. Kichwa cha Mtwa Mkwawa kilitajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na bado ilichukua hadi mwaka 1954 kwa Gavana Twining kukikabidhi kwa Wahehe, nako kuna wanaouliza hadi leo kama ndicho chenyewe. Safari hii kuna vipimo vya vinasaba. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba baadhi ya mafuvu kutoka Kilimanjaro wamewapatia jamaa walio hai. Kwa hiyo Wambano wana kila sababu ya kuendelea kudai.

Hofu yangu iko kwenye kinachofuata. Fuvu ni kitu kimoja, linaingia katika sanduku moja, linasafiri kwa ndege moja, linapokewa kwa sherehe moja yenye wimbo wa taifa na hotuba. Siku hiyo serikali ya Ujerumani inaweza kuona imemaliza. Msamaha ulioombwa Mahenge, mbele ya kaburi la walionyongwa, unawahusu walionyongwa. Nani ataombwa msamaha wa ghala lililochomwa? Kunyonga wapiganaji, Mjerumani anaweza bado kukuelezea kama ukatili wa sheria za kivita za zama zake. Kuwanyima chakula watu wasioshika mkuki, kwa makusudi na kwa maandishi, ni jambo lenye uzito mwingine, na nchi inayokwenda mezani bila kuliweka mbele imejipunguzia dai lake kabla ya kuketi. Wanadiplomasia hudai kile ambacho taifa lao linakikumbuka. Kama minara yetu wenyewe inasema waliokufa Songea ni 67, tusishangae upande wa pili ukihesabu hivyo hivyo.

Najua jibu nitakalopewa: hatuna majina yao. Ni kweli, majina mengi hayapo. Lakini tuna zaidi ya tunavyokiri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Gwassa na John Iliffe, kiliwatuma wanafunzi wakati wa likizo kurudi vijijini kwao Kusini kuwahoji wazee walioviona vita hivyo kwa macho yao. Wazee hao wote wametangulia. Walichokisema kiliandikwa, kikapigwa chapa, na kikawa msingi wa karibu kila kitabu kizito juu ya Majimaji tangu hapo. Mwanafunzi wa sekondari wa Songea anayeandika majina ya sanamu kwenye daftari lake angepaswa kuzisoma kauli hizo kwa Kiswahili, ukutani, hapo hapo Mahenge: fulani wa kijiji fulani alisema walikula nini, walizika wapi, walivuka mto gani kutafuta chakula, nani alibaki. Kazi hiyo inahitaji wahariri, mbao za maonyesho na uamuzi.

Na inahitaji chumba. Ningependa kuona katika makumbusho yale chumba kimoja kisicho na mkuki hata mmoja. Kiwe na kihenge cha mahindi au mtama, kilichojengwa kama kilivyokuwa kikijengwa Ungoni. Kiwe na jembe, kinu na mchi, chungu. Kiwe na ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa Kusini wanaichimba mpaka leo, ili mtoto aishike na kuuliza inaliwaje. Ukutani pawekwe maneno ya Wangenheim na ya Richter, yaliyotafsiriwa kikamilifu, yakiwa na majina na vyeo vyao. Mgeni wa Kijerumani atakayefuata baada ya Steinmeier apitishwe hapo kabla ya kufikishwa makaburini.

Songea ina sababu ya pekee ya kufanya hivi. Ruvuma leo ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Msimu ukikubali, malori yanapanga foleni kwenye vituo vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, magunia ya mahindi yakiwa yamerundikwa chini ya maturubai, na wakulima wakilalamikia bei, malalamiko ambayo ni ya haki kabisa. Ardhi ni ile ile. Mvua ni ile ile. Mkulima wa Namtumbo au Peramiho anayevuna magunia yake leo analima juu ya nchi ambayo mwaka 1906 watu walikufa kwa kukosa kibaba. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi zaidi kwamba njaa ile haikutoka kwenye udongo.

Wanawake nao wangepata nafasi yao ya kweli. Kwa sasa mwanamke wa Majimaji ni Nkomanile, na tunamtaja kwa fahari kwa sababu alikuwa kiongozi na alinyongwa kama wanaume. Anastahili. Lakini wanawake wenzake kwa maelfu ndio waliobeba vita baada ya waume zao kuuawa au kukimbia: waliolima kwa kujificha mbali na njia za doria, waliotembea na watoto hadi misheni au hadi nchi za watu wasioasi kuomba chakula, waliozika. Kama leo kuna ukoo wa Mbano, wa Gama na koo nyingine zote za Ungoni, ni kwa sababu kuna mama aliyeamua mbegu isiliwe. Huyo naye alikataa kushindwa.

Wanaoandaa kumbukumbu ya 27 Februari hawahitaji kusubiri Berlin wala Dodoma kwa hatua ya kwanza. Ratiba ya siku ile ina mkuki, ngao, upinde na mashada ya maua, kila kitu kikiwekwa kwa niaba ya kundi lake. Iongezwe sahani ya nafaka, iwekwe na mwanamke mzee wa Ungoni, na mshereheshaji atamke inawahusu nani. Kisha wizara inayosimamia mambo ya kale na timu yetu ya mazungumzo na Ujerumani waandike njaa ya 1906 na 1907 kama hoja inayojitegemea, yenye makadirio yake ya vifo, maofisa wake na amri zake, iwe na uzito sawa na orodha ya mafuvu yanayotafutwa.